Dakika Ishirini na Sita

Ukiuliza pale Chanika, Handeni mjini, ni nani ambaye hachelewi, utatajiwa Mwalimu Hiza. Katika mji ambao mkutano wa saa nne unaanza saa sita na watu bado wanaulizana kama mwenyekiti ameshaoga, Hiza akikuambia saa mbili, saa mbili utamkuta mlangoni, viatu vinang'aa, anaitazama saa yake ya mkononi kana kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha. Shuleni ndiye aliyeshika kengele. Wanafunzi waliochelewa walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkuu wa shule. Kwa hiyo inachekesha kidogo, ingawa yeye haimchekeshi hata chembe, kwamba kosa linalomnyima raha mpaka leo ni la saa.

Alizaliwa milimani, juu ya Mombo, katika nyumba isiyokuwa na saa. Baba yake alilima matunda ya plamsi, na siku za likizo walishuka barabarani kuwauzia abiria wa mabasi. Saa yao ilikuwa mabasi yenyewe: la kwanza la Arusha likipita ilikuwa saa tano, la pili likipita mama alijua ni wakati wa kuinjika chakula. Basi likiharibika njiani, familia nzima ilikula jioni. Hiza aliuona huo kuwa ushamba, akajiapia kwamba atakuja kuwa na saa. Mshahara wake wa kwanza wa ualimu ulinunua saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma, na tangu siku hiyo akaiamini kuliko macho yake.

Alifundisha jiografia, na tuseme ukweli, alifundisha vizuri. Aliingia darasani na chungwa na tochi, akafunga madirisha, akalizungusha chungwa mbele ya mwanga mpaka watoto wa kidato cha pili wakaona kwa macho yao jinsi usiku unavyomfuata mchana. Dunia, aliwaambia, hujizungusha nyuzi mia tatu na sitini kwa siku moja, ambazo ni nyuzi kumi na tano kila saa, ambayo ni uzi mmoja kila dakika nne. Hesabu hiyo aliirudia mpaka ikawa kama wimbo.

Katika darasa hilo alikuwemo Mwantumu, binti wa kijiji cha Misima, aliyelelewa na babu yake, Mzee Sadala, mkulima wa mahindi na mwadhini wa msikiti mdogo wa kijijini kwao. Alikaa dawati la mbele. Siku moja Hiza alieleza kwamba kuna watu wanaoishi angani, kwenye kituo kinachoizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku, na kwamba watu hao huona jua likichomoza mara kumi na sita. Mwantumu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa wao wanajuaje ni saa ngapi? Wakilifuata jua si watakula chakula cha mchana mara kumi na sita?"

Darasa likacheka, na Hiza akacheka nalo, kwa furaha. Akaeleza kwamba wanaanga walikubaliana kufuata saa moja tu, ile ya longitudo sifuri, hata jua lifanye nini dirishani. Usiku ule alimwambia mkewe kwenye simu kwamba mwaka huu amepata mtoto mwenye akili.

Basi ikaja likizo fupi ya mwanzoni mwa Septemba, na Hiza akawapa kazi ya nyumbani. Chomekeni fimbo ya mita moja mahali tambarare, pimeni kivuli kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba, andikeni ni saa ngapi kilikuwa kifupi kabisa. Jibu alikuwa nalo tayari. Jua huwa katikati saa sita mchana, na kivuli huwa kifupi jua likiwa katikati. Nani asiyejua hilo?

Wanafunzi thelathini na tisa waliandika saa sita kamili. Hiza alijua kabisa kwamba wengi wao hata fimbo hawakuichomeka. Walikaa kivulini wakaandika alichotaka kusikia. Akawapa vema. Mmoja tu aliandika saa sita na dakika ishirini na sita, na chini yake akachora jedwali la vipimo vya siku tatu, sentimita kwa sentimita. Hiza hakulisoma lile jedwali. Aliona jibu, akachora mkasi mwekundu wa kosa kutoka kona mpaka kona, akaandika sifuri.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini alimwita Mwantumu mbele.

"Hizi dakika ishirini na sita umezitoa wapi?"

"Nimepima, mwalimu. Siku tatu."

"Kwa saa ya nani?"

"Ya babu."

"Babu yako anaisetia saa yake kwa jogoo, au kwa punda?"

Darasa likaangua kicheko. Hiza, ambaye hakuwa mtu wa mizaha, alisikia utamu wa kuchekesha watu na akaongeza lingine, kwamba wazee wa Misima wamechelewa tangu uhuru na saa zao zimechelewa nao. Mwantumu alichukua daftari lake kwa mikono miwili, akarudi kwenye dawati. Kufikia saa ya kutoka walikuwa wameshambatiza jina, Dakika.

Na sasa sikiliza alichofanya Hiza baada ya kipindi hicho. Alinawa mikono ya chaki, akatembea mpaka msikitini. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa, saa yake ya mkanda wa chuma ikionyesha saa sita na nusu. Alikuwa Mwislamu wa kuzaliwa. Tangu madrasa alifundishwa kwamba adhuhuri huingia jua likishapinduka kutoka katikati ya mbingu, si kabla. Kila siku ya Mungu, miaka kumi na minne mjini Handeni, aliisikia adhana hiyo sita na nusu, siku nyingine ikiwahi kidogo au kuchelewa kidogo, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini waadhini wote wa wilaya wanangoja hivyo kama jua linapinduka saa sita. Akaswali rakaa zake nne, akaenda kula wali na maharage.

Mwishoni mwa Oktoba walimu wa jiografia waliitwa semina Korogwe. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole aliyeitwa Benedicto, ambaye siku ya pili aliwatoa wote nje, akachomeka fimbo uwanjani, akauliza kivuli kitakuwa kifupi saa ngapi. Walimu wakajibu kwa pamoja, na sauti ya Hiza ilikuwa juu ya zote. Saa sita.

Saa sita ikafika, ikapita. Kivuli kikaendelea kupungua. Kilikuja kusimama saa sita na dakika kumi, ndipo kikaanza kurefuka upande wa pili. Walimu wakaanza kuzikagua saa zao.

"Saa zenu ni nzima," Benedicto alisema. "Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi arobaini na tano, ambayo haigusi hata nchi yetu, inapita huko baharini. Sisi tuko kwenye thelathini na nane na kitu. Jua linafika huko kwanza, halafu ndiyo lije kwetu. Tuseme nyuzi saba, mara dakika nne, ni ngapi?"

Ishirini na nane, Hiza alisema moyoni. Wimbo wake mwenyewe.

Benedicto akaendelea kwamba dunia imeinama, tena mwendo wake kulizunguka jua si wa kasi moja mwaka mzima, kwa hiyo jua huwahi au huchelewa kwa dakika kadhaa kufuatana na miezi. Oktoba linawahi sana, ndiyo maana leo ni kumi tu. Februari linachelewa, hufika hata arobaini. Mwanzoni mwa Septemba haliwahi wala halichelewi, au tuseme linawahi dakika moja au mbili tu.

Hiza alitoa kalamu akapiga hesabu kiganjani. Misima, mwanzoni mwa Septemba. Ikatoka ishirini na sita.

Alisimama pale juani wenzake wakiingia kunywa chai. Aliona aibu iliyomfanya atamani kufuta kiganja kwa mate kabla hajaonekana na mtu. Mtoto alikuwa amekaa siku tatu juani na fimbo, akaleta ukweli mpaka mezani kwake, naye akaufanyia mzaha. Alipanga kwamba Jumatatu, kitu cha kwanza, atamwita mbele ya darasa lile lile na kumwomba radhi.

Jumatatu ilikuwa na gwaride na wageni. Jumanne alijiambia kwamba mtihani wa taifa wa kidato cha pili umebaki wiki mbili, asije akawachanganya watoto. Baada ya mtihani wakafunga shule. Walipofungua Januari, jambo lilikuwa limepoa, na Hiza akajikuta akijiuliza, kwa sauti laini ambayo mtu hutumia kujidanganya, kama kulichokonoa tena si kumwaibisha binti wa watu upya. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa wale watoto thelathini na tisa wasije wakamcheka yeye.

Akaanza kupuliza alipouma. Alimpa Mwantumu alama mbili za bure kwenye insha. Alimsifia ramani ambayo haikuwa na lolote. Kidato cha pili kipya alikifundisha sawasawa, nyuzi saba mara dakika nne, Oktoba kumi na kitu na Februari arobaini na kitu, na watoto wale walikwenda kupima wakapata vema zao. Wote walipewa ukweli isipokuwa yule aliyeugundua. Mwantumu aliendelea kukaa dawati la mbele, kimya, akinakili ubaoni. Hakunyoosha mkono tena. Wakati wa kuchagua masomo alikimbilia sanaa, na mwalimu wa fizikia akaja kulalamika ofisini.

"Nimemuuliza yule binti kwa nini anaacha fizikia. Ananiambia yeye vipimo haviwezi."

Hiza aliinamia kikombe chake cha chai, akatafuta sukari ambayo alikuwa ameshaitia.

Machi ya mwaka huo kulikuwa na kikao cha wazazi. Mzee Sadala alikuja kutoka Misima, kanzu safi, baragashia, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa na alama ya ngozi nyeupe, mahali palipokaa mkanda wa saa kwa miaka mingi. Hiza aliiona ile alama kabla hajaiona sura ya mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ndiye babu yake Mwantumu." Mzee alimshika mkono asiuachie. "Nashukuru kwa kumfundisha mjukuu wangu. Ile saa nimeiweka sandukuni. Nikasema nisije nikawa nawapotosha watu na swala zao. Siku hizi naangalia simu ya imamu."

Hiza aliitazama tena ile alama ya mkanda.

"Ila jambo moja linanishangaza," mzee aliendelea. "Nilizilinganisha, ile saa na simu. Nikaona zinakwenda sawa. Lakini wewe umesoma, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Mlango uliofunguliwa wazi namna hiyo, mtu hafunguliwi mara mbili. Mzee amemletea swali, jibu linamkaa Hiza mdomoni, hakuna mwanafunzi karibu wala mwalimu, ni wao wawili tu kwenye kibaraza. Alichotakiwa kusema ni maneno matatu: saa yako nzima.

"Karibu chai, mzee," Hiza alisema.

Mzee Sadala alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika. Shule ilipeleka rambirambi, na Hiza, aliyekuwa mkuu wa nidhamu, alikwenda kuzika. Alitupa udongo mara tatu kama kila mtu. Mwantumu alimaliza kidato cha nne, akaondoka Handeni, na Hiza akadhani mzigo nao utaondoka. Haukuondoka. Kila adhana ya adhuhuri ilimsuta. Alifika mahali akawa anawahi msikitini kabla haijaadhiniwa, ili imkute tayari ndani, kichwa chini.

Mkewe, Mwanaisha, ni muuguzi Korogwe, na watoto wanakaa naye huko. Hiza huwafuata Jumamosi kwa basi. Jumamosi ya kwanza ya Machi, mwaka huu tunaousimulia, alimkuta binti yake Yusra, wa darasa la sita, amenuna.

"Baba, mimi nimepima kweli," Yusra alisema, akamwekea daftari mapajani. "Hata mama aliniona. Wenzangu wameandika tu."

Kivuli kifupi kabisa: saa sita na dakika thelathini na tisa. Hiza hakuhitaji kiganja wala kalamu kujua kwamba mtoto amepatia. Kwa Korogwe, mwishoni mwa Februari, ilikuwa yenyewe. Kando yake palikuwa na mkasi mdogo mwekundu, na maneno kwa mwandiko wa duara: *Umejitahidi sana kupima. Jaribu tena, huenda fimbo iliinama. Kivuli huwa kifupi saa sita kamili.*

Aliujua ule mwandiko. Aliwahi kuupa sifuri.

"Mwalimu wenu ni nani?"

"Madamu Mwantumu. Yuko mazoezini, anatoka chuo cha ualimu. Anatupenda. Amesema hilo somo alifundishwa na mwalimu mmoja hodari sana wa Handeni."

Hiza aliinuka akaenda uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwanaisha alimfuata kumuuliza kama ana malaria. Hapo ndipo alipomsimulia mkewe yote, kwa mara ya kwanza, mpaka kifundo cha mkono cha Mzee Sadala. Mwanaisha alisikiliza mpaka mwisho.

"Utakwenda lini?" aliuliza.

Alikwenda Alhamisi. Aliomba ruhusa ya siku moja Handeni, akapanda basi la alfajiri, na saa tano na nusu alikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Yusra na fimbo ya mita moja mkononi. Mwantumu alitoka darasani, amekuwa mwanamke mzima, mtandio wa kijani. Alipomtambua alikuja mbio, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu. Jamani. Yusra ni wako? Mbona hakusema?"

"Marahaba." Alikuwa ameyapanga maneno yake ndani ya basi, na sasa yote yalikuwa yametawanyika. "Mwantumu, nimekuja kwa ajili ya zile dakika ishirini na sita. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Naomba wanafunzi wako watoke nje, niseme mbele yao."

Mwantumu alirudi mpaka mlangoni. Halafu akaita darasa.

Hiza alichomeka fimbo, akawaambia watoto bila kuzunguka kwamba yeye ndiye mwalimu wa Handeni, kwamba alimfundisha madamu wao vibaya, kwamba madamu wao alipokuwa mkubwa kidogo tu kuliko wao alipima akapata jibu la kweli, na yeye akamcheka. Watoto hawakucheka. Kumbe alikuwa ameogopa bure miaka yote ile. Saa sita kamili ilipofika kivuli kilikuwa bado kimelala upande wa magharibi, karibu urefu wa kalamu, na Yusra akawatazama wenzake kwa jeuri kidogo. Wakangoja. Kivuli kilizidi kufupika. Ilikuwa siku ile ya Machi ambayo jua hupita wima juu ya Korogwe, na saa sita na dakika thelathini na saba fimbo ikabaki imesimama bila kivuli chochote.

"Thelathini na saba," Mwantumu alisema. Alikuwa akisoma saa ya mkononi, saa ya kiume, kubwa kwa mkono wake, mkanda wake umetobolewa matundu mawili ya ziada. Hiza aliangalia yake. Thelathini na saba.

Mwantumu alimwambia Yusra alete daftari, akaufuta ule mkasi, akaandika vema na jina lake kando. Kisha akawaruhusu watoto waende kula. Adhana ilisikika kutoka upande wa soko. Hakuna aliyeondoka kati yao wawili.

"Nilikaa na babu," Mwantumu alisema. "Siku zote tatu. Yeye anashika saa, mimi nashika rula. Nilipomwambia umesema ni uongo, nikaongeza, 'Babu, mwalimu amesoma.'" Aliing'oa fimbo akakung'uta udongo. "Ulijua lini, mwalimu?"

Angeweza kusema juzi. Angeweza kusema ni lile daftari la Yusra, na nani angembishia?

"Oktoba ile ile," alisema. "Ulikuwa bado kidato cha pili."

Mwantumu akaanza kuhesabu miezi. Hiza alimwona anahesabu, akajua atafika wapi, na hakuwa na la kufanya ila kungoja afike.

"Kikao cha wazazi kilikuwa Machi."

"Ndiyo."

"Babu alikuja akakuuliza habari ya saa."

"Aliniuliza."

Mwantumu alimrudishia fimbo yake, kwa adabu, kwa mikono miwili, vilevile alivyolichukua daftari lake siku ile.

"Alirudi nyumbani anafurahi sana, mwalimu," alisema. "Alituambia umemkaribisha chai."